Ukumbi wa kata ni amana, tusiuache ufungwe kwa ukimya wetu

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa ni la Serikali peke yake, kumbe limo ndani ya nyumba zetu. Nalo ni hatima ya majengo ya wananchi, yaani kumbi za kata na vijiji na vituo vya maendeleo ya jamii, pale halmashauri inapoamua kuyafunga, kuyakodisha au kuyageuza matumizi.

Tuchukue mfano wa kata kama Kiriba, Wilaya ya Musoma, mkoani Mara. Huko ni kwa wavuvi na wakulima, watu wanaoishi kwa dagaa, mihogo na pamba, kando ya Ziwa Victoria. Katika kata za namna hiyo jengo moja la umma hubeba mzigo wa majengo kumi. Humo hufanyika mkutano wa kijiji, semina ya kilimo, kikao cha akina mama wa kuweka na kukopa, upimaji wa uzito wa watoto, upigaji kura, na mara nyingine karamu ya ndoa. Jengo hilo likifungwa, kila shughuli huhamia chini ya mti, na masika yakiingia huahirishwa. Wa kwanza kuumia si mwenye gari, bali ni mama aliyebeba mtoto mgongoni na mzee asiyeweza kutembea hadi kata ya jirani.

Yawezekana msomaji akauliza: sisi tunao msikiti na madrasa, ukumbi wa Serikali unatuhusu nini? Swali hili tumelisikia mara nyingi, na ndilo linalotupotezea haki zetu. Mkoani Mara Waislamu wanaishi pamoja na Wakatoliki, Waadventista na Wamennonite, ambao misheni yao ilianza huko mwaka 1934. Kila kundi lina nyumba yake ya ibada. Lakini yakitokea ya wizi wa mifugo, ya maji, ya kipindupindu au ya mpaka wa shamba, watakutana wapi kwa pamoja, bila mmoja kuwa mgeni wa mwingine? Ukumbi ndipo mahali ambapo walio wachache huketi sawa na walio wengi. Kwa hiyo tulio wachache tunauhitaji zaidi, wala si kwa uchache.

Na mfano tunao katika sira. Kabla ya kupewa Utume, Mtume (S.A.W.) alihudhuria mapatano ya Hilful-Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, ambapo watu wa Makka waliahidiana kumtetea kila aliyedhulumiwa. Waliokutana hawakuwa Waislamu, na bado Mtume baadaye aliyasifu mapatano yale na kusema kwamba lau angeitwa tena angeitika. Haki ya jirani, basi, haiulizwi dini yake.

Majengo haya pia si kuta tupu. Ukumbi wa Kaloleni jijini Nairobi ulijengwa na wakoloni ili wafanyakazi wa Kiafrika wapate mahali pa kupumzikia. Lakini humo ndimo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alipotoa hoja ya kudai uhuru kamili, na wiki chache baadaye akatiwa mbaroni. Dar es Salaam, TANU iliasisiwa tarehe 7 Julai 1954 katika jengo la African Association, mtaa wa New Street, jengo lililosimamishwa kwa nguvu na michango ya wanachama wenyewe, wakiwamo wazee wa Kiislamu wa mji ule. Unguja, kituo cha jamii cha Raha Leo, kilichojengwa Ng'ambo katika miaka ya 1940, kikawa makao ya Mapinduzi mwezi Januari 1964. Penye ukumbi watu huzungumza, na penye mazungumzo watu hujitambua.

Tuseme kwa uadilifu kwamba halmashauri nazo zina udhuru wake. Mwaka 1972 Serikali ilizivunja halmashauri za wilaya katika mpango wa Madaraka Mikoani, na zikarudi mwaka 1984 kwa sheria za mwaka 1982. Kwa miaka kumi na miwili majengo mengi yalikosa mwenye kuyaita yake. Kisha mwaka 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa. Wananchi walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru, lakini halmashauri za vijijini zilipoteza chanzo cha mapato kilichokuwa mikononi mwao, zikazidi kutegemea ruzuku kutoka Serikali Kuu. Mkurugenzi mwenye zahanati isiyo na dawa na ukumbi unaovuja ataitazama zahanati kwanza, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Tunachokipinga ni uamuzi kupitishwa bila wenye mali kuulizwa, na kufuli kutundikwa mlangoni kabla ya barua kufika kijijini.

Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaeleza kuwa madhumuni ya Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara ya 27 inamtwika kila mtu wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Kwa maneno mengine, anayeutetea ukumbi wa kata hafanyi fujo wala uasi, bali anatekeleza Katiba. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kuzifikisha amana kwa wanaostahiki, na kuhukumu kwa uadilifu tunapohukumu baina ya watu. Mali ya umma ni amana kwa aliyekabidhiwa funguo, na ni amana pia kwa aliyejengewa.

Wananchi wafanye nini, basi? La kwanza ni kujua jengo ni la nani. Je, ni la kijiji au la halmashauri ya wilaya? Halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa ni chombo kamili mbele ya sheria, chenye uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, mfano wa mdhamini, na inaikataza kugawa ardhi hiyo bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hivyo ni lazima itafutwe mihtasari ya zamani: kiwanja kilitolewa lini, nani walichangia mawe na mchanga, bati zilitoka wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

La pili ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuingia na kusema. Mikutano hii inapasa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, lakini ni wangapi kati yetu tunaohudhuria? Tunakwenda kwa wingi kwenye arusi, na kwenye mkutano wa kijiji tunamwachia mwenyekiti na watu wanane. Uamuzi wa watu wanane nao ni uamuzi, na utatufunga sote. Mama zetu na dada zetu, ambao ndio watumiaji wakubwa wa kituo, wasibaki nyumbani siku hiyo. Azimio liandikwe na kusainiwa, lipelekwe kwa mtendaji wa kata, lijadiliwe katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani alibebe hadi kwenye Baraza la Madiwani. Nako wananchi waende kusikiliza, ili diwani ajue kwamba waliomtuma wapo. Wakinyimwa takwimu za gharama au sababu za kufunga, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa njia ya kuziomba kwa maandishi.

Wenzetu wa mbali nao wamepita njia hii. Uingereza, baada ya mwaka 2010, halmashauri nyingi zilikatiwa fedha na vituo vingi vya vijana vikafungwa. Sheria ya mwaka 2011 iliwapa wakazi wa huko England haki ya kuliorodhesha jengo kuwa lenye thamani kwa jamii. Mwenyewe akitaka kuliuza, na kikundi cha wakazi kikaonyesha nia kwa wakati, mauzo husimama kwa miezi sita ili wakusanye fedha za kulinunua. Kukusanya fedha kwa ajili ya manufaa ya wote si jambo geni kwetu. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma, Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakitoa ili watu wanywe bure.

Hata hivyo, tunatahadharisha mambo mawili. Kwanza, watoto wasitangulizwe mbele. Mwezi Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi Lang'ata, Nairobi, waliandamana kudai uwanja wao wa michezo uliozungushiwa ukuta, wakapigwa mabomu ya machozi. Uwanja ulirudishwa, lakini hakuna mzazi anayepaswa kulipa bei ile ikiwa mlango wa kikao bado uko wazi. Pili, ulimi usitutangulie. Kumtukana diwani au mtendaji hakuzibi bati linalovuja, na humpa anayetaka kufunga kisingizio cha kusema kwamba hawa ni watu wa vurugu.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi, kwa kuwa linatugeukia wenyewe. Jengo lisilotumika ni rahisi kufungwa. Ikiwa ukumbi umejaa popo, madirisha yameng'olewa na hakuna anayejua ufunguo uko kwa nani, aliyelifunga kwanza si mkurugenzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Iundwe kamati ndogo yenye watu wa kila dini, wanawake wakiwamo, yenye daftari la mapato na matumizi linalosomwa hadharani. Shughuli za arusi zitozwe ada ndogo, na za wagonjwa na watoto ziwe bure. Mafundi waliopo kijijini watoe siku moja kwa mwezi. Kijiji chenye daftari safi na paa zima kikifika mbele ya Baraza la Madiwani, hakifiki kama muombaji. Kinafika kama mwenye mali.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu uadilifu, na atupe sisi raia ujasiri wa kusema haki kwa hekima, na subira ya kuitunza tunapoipata. Amin.

Wabillahi tawfiq.