Furaha ya Nyumbani Haina Nauli



Kila siku ya malipo hapa Manda twaona jambo lile lile. Mchana mtu ahesabiwa mawe yake, apokea fedha zake, na kabla ya magharibi amekwisha panda mashua kwenda Lamu kutafuta furaha. Kuna nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chakula cha hotelini, na mengine ambayo si lazima tuyataje. Asubuhi ya pili fedha za mawe ya wiki nzima zimekwisha, na nyumbani madumu ya maji ni matupu. Na siku hizi hata mashua haihitajiki. Mtu akaa kitandani pake, simu mkononi, abashiri mpira wa Uingereza, na mshahara wamtoka bila ya yeye kuinuka.

Hatuandiki haya ili kuwakaripia wenzetu. Mtu aliyeshika sururu timboni tangu alfajiri, jua likimpiga kichwani na weupe wa mawe ukimpiga machoni, ana haki ya kucheka jioni. Haki hiyo si hisani ya tajiri. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, lasema kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kustarehe. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi siku moja ya mapumziko, kwa uchache, katika kila siku saba. Swali letu ni hili: siku hiyo tukiisha kuipata, mbona twaitoa tena kwa kila mwenye kitu cha kutuuzia?

Yapo mambo ya furaha ambayo hayataki nauli wala leseni. Twayataja machache, na kila mtu aongeze yake.

Kwanza, bao. Asiyeweza kununua ubao na achimbe mashimo 32 mchangani, safu nne za mashimo manane, kila mchezaji na safu zake mbili. Kete ni 64. Komwe zikikosekana, vijiwe vya timboni vyatosha, navyo hatuna uhaba wavyo. Kila mchezaji aweka kete 6 katika nyumba yake, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo jirani, kisha 22 abaki nazo mkononi za kunamua. Baada ya hapo ni akili tu. Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanganyika na kisha wa Tanzania, alipenda bao, wala hakuona aibu kukaa chini na wazee kucheza.

Tena bao lina faida nyingine kwetu. Hapa Maweni wengi wetu tumetoka bara, na kila mtu alikuja na lugha yake. Lakini Mjaluo ana ajua yake, Mkikuyu ana giuthi yake, na mtu wa Pwani ana bao lake. Sheria ni mbali mbali, ila yote ni michezo ya mashimo na kete. Mtu akimfundisha mwenzake mchezo wa kwao, jioni hiyo wamekwisha kujuana. Na watu wanaojuana ni vigumu kuwagombanisha siku ya kudai bei ya jiwe.

Pili, vitendawili na hadithi. Hapa hapatakiwi hata taa. Mmoja asema "Kitendawili!", wengine wajibu "Tega!", na walioshindwa watoe mji. Watoto wafundishwe kutunga vyao wenyewe kwa mambo wanayoyaona. Kwa mfano: "Naikanyaga nyumba ambayo bado haijasimama." Jawabu ni jiwe lililo ardhini. Na wakiuliza mawe ya babao huenda wapi, waambiwe: mawe ya Manda yamo katika kuta za Lamu, mji ambao UNESCO iliuandika mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia. Wasimuliwe pia habari za Takwa, mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17, ambao msikiti wake ungali umesimama kisiwani humu humu. Mtoto anayejua kwamba kisiwa chake kina historia hatakionea haya.

Tatu, vyombo vya kuchezea. Bahari yatuletea kila siku kandambili, chupa na vipande vya plastiki. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi walilolipa jina Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Ikiwa takataka zaweza kufika Zanzibar, basi kandambili moja, kijiti kimoja na tanga la mfuko mkuukuu zaweza kuvuka kidimbwi. Baba akikaa saa moja kumchongea mtoto kidau, mtoto atakumbuka saa hiyo kuliko peremende za siku kumi.

Nne, mashairi. Kwa watu wa Lamu ushairi haukuwa kazi ya wenye nafasi tu; umeimbwa majumbani, arusini na baharini. Mizani 16 katika mstari, kituo kimoja katikati, vina viwili, na mtu ajibu alivyoulizwa. Jioni mbili tatu mkijibizana kuhusu bei ya maji au bei ya jiwe, mtacheka, na pia mtapata maneno ya kusema mkutanini.

Sasa twataka kusema mambo mawili bila ya kuficha.

La kwanza ni kwa wanaume. Mapumziko ya mume yasiwe kazi ya mke. Ikiwa sisi tumekaa bao, na mama watoto anateka maji, anapika, anaosha vyombo na kuwalaza watoto, basi nyumba hiyo haikupata furaha. Amepata mtu mmoja. Maji yatekwe kwanza na wote, kisha kiti kiongezwe. Wako akina mama hapa watakaotufunga kwa kete na kwa vitendawili pia.

La pili ni kwa matajiri, maana twajua karatasi hii huwafikia. Wasije wakasema, "Watu hawa hufurahi kwa vijiwe, nyongeza ya nini?" Vijiwe havinunui unga. Bao halilipi karo wala halimponyi aliyeangukiwa na jiwe. Twawaomba wanachama waache kutupa shilingi zao ili zibaki nyumbani, si ili zipunguzwe kwenye malipo. Mtu ambaye fedha zake zote zimekwisha Jumapili, Jumatatu hukubali bei yo yote atakayoambiwa. Lakini mwenye akiba ya unga wa siku tatu aweza kusema "La", akangoja wenzake.

Basi, ndugu, siku ya malipo ijayo na tujaribu. Maji kwanza, unga pili, ada ya chama tatu, kisha mashimo 32 chini ya mti. Atakayeshinda atoke timbo lo lote, atakayeshindwa na atoe mji.