Mazungumzo ya Jioni: Nimezisikiliza Tena Santuri Zangu

Juma lililopita tulizungumza habari za ghala na panya. Leo tuweke jembe chini kidogo, tukae barazani, maana nina habari ya nyumbani kwangu ambayo nimeona haifai kuificha. Ni habari ya santuri za zamani. Mwisho wake hauniletei sifa mimi niisimuliaye, lakini huenda ukamfaa mmoja wenu.

Binti yetu wa mwisho aolewa mwezi ujao. Vijana walitaka kukodi muziki kutoka mjini kwa ajili ya karamu ya kumuaga. Mimi nikasema, "La! Saa moja ya karamu ni yangu. Nitapiga santuri zangu." Maana ninalo sanduku la mbao, urithi wa marehemu mjomba wangu aliyekuwa katekista, na ndani yake mna sahani arobaini na moja, za kwake na za kwangu. Kwa miaka zaidi ya ishirini sikuzigusa. Kila nilipotaka kusema kwamba nyimbo za vijana wa leo ni kelele tupu, nilinyosha kidole kwenye sanduku lile, nikasema, "Muziki ulikuwa ule!" Lakini sikulifungua.

Binti akacheka, akasema, "Haya, baba. Ila kwanza zisikilize, na maneno yake pia. Kisha uchague."

Basi nikazisikiliza jioni nne mfululizo, baada ya chakula. Mama watoto alikaa karibu akipukuchua mahindi.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wenye sahani za namna hii. Zile za kale kabisa, nzito, zinazovunjika kama kigae, zimetengenezwa kwa lakiri, nayo lakiri hutoka kwa wadudu wadogo wa Bara Hindi. Usizipanguse kwa spiriti, maana spiriti huiyeyusha lakiri. Kitambaa laini chenye maji kidogo chatosha. Hizo huzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika tatu hivi. Zile nyepesi za plastiki, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1948, hazivunjiki upesi, lakini jua huzipinda kama chapati. Na sindano ya chuma ya gramafoni ya mkono isiziguse kamwe. Itazilima kama jembe.

Jioni ya kwanza nilianza na sahani za mjomba, nikakuta mojawapo ya Siti binti Saad. Vijana, huyu alikuwa mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa katika ukoo maskini, akauza vyungu kabla ya kuuza sauti. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mashine, na nyimbo zake zikarudi huku zimetiwa katika sahani. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake.

Sahani ina mikwaruzo kama mvua juu ya bati. Mwanzoni mjukuu wangu alisema, "Babu, huyu anaimba ndani ya kisima." Lakini tulipozoea sauti tukaanza kuyashika maneno. Nikamweleza habari ya wimbo mmoja wa Siti uitwao Kijiti. Ni habari ya mwanamke mgeni, mja mzito, aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea, akauawa huko. Mwuaji akakimbilia bara, nao wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wakaonekana wao ndio wenye makosa. Siti akaliimba jambo hilo wazi, na mji mzima ukalisikia. Karibu miaka mia imepita. Je, wimbo huo umezeeka? Mashine iliyounasa imezeeka. Sahani imezeeka. Lakini mpaka leo, mwanamke akidhulumiwa, bado yuko mtu wa kuuliza, "Naye alikwenda kutafuta nini kule?" Kwa hiyo wimbo haujamaliza kazi yake.

Jioni ya pili nilitoa sahani kubwa iitwayo Missa Luba, niliyoachiwa na padre mmoja mmisionari alipokuwa akirudi kwao. Misa hiyo iliimbwa mara ya kwanza huko Kamina, Katanga, tarehe 23 Machi 1958, na mwaka uleule ikatiwa katika sahani. Walioiimba ni wavulana wa shule na walimu wao, wakiongozwa na Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Maneno ni yale ya Misa ya Kilatini, lakini sauti ni za Waluba na jirani zao. Kyrie yafuata ombolezo la msiba. Sanctus imetoka katika wimbo wa kuagana. Na ngoma zinalia!

Nakumbuka mjomba alipoisikia mara ya kwanza pale misioni. Yeye alifundishwa nyimbo za Gregori, naye aliziimba kama malaika. Aliposikia ngoma chini ya Kyrie alishika kichwa, akauliza kama hii ni Misa au ni mavuno. Haikupita miaka mingi, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Vatikano ukatoa hati juu ya liturjia, ikasema kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake na nafasi yake. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, mwananchi wetu na mtunzi wa Misa Baba Yetu, akatoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mjomba alikufa akiwa mpiga ngoma hodari wa kwaya. Mambo hubadilika.

Sasa, katika Missa Luba ni kitu gani kilichozeeka? Ni jina lililo kwenye jalada. Kwaya iliitwa Waimbaji wa Mfalme Baudouin, yaani mfalme wa Ubelgiji. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru, na jina lile likabaki pale kama kofia ya mgeni iliyosahauliwa ukumbini. Lakini sauti hazikuzeeka. Wavulana wale, walio hai, leo wamepita miaka sabini na tano. Ndani ya sahani bado ni watoto, na bado wanaagana.

Jioni ya tatu ilikuwa ya dansi. Hapa nilikuwa nyumbani hasa, maana sisi tu watu wa Morogoro. Nilipiga Salum Abdallah na Cuban Marimba yake. Nilipiga Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970. Wote wawili walikufa kwa ajali za gari, Salum mwaka 1965 na Mbaraka mwaka 1979. Mungu awarehemu.

Nawaambia kweli: nilishangaa. Katika ujana wangu tuliona ufahari mkubwa kusikia vionjo vya Kuba. Tangu miaka ya 1930 sahani za Kuba zenye alama ya GV ziliuzwa kila pembe ya Afrika, na vijana wetu wakaiga magitaa, wakaiga kayamba, wengine wakaiga hata maneno ya Kihispania wasiyojua maana yake. Siku zile sisi tuliopiga kelele kwa shangwe tulikuwa tukiyashangilia maneno hayo hasa. Leo ndiyo yaliyochakaa. Yaani, tulipovaa nguo za watu tulipendeza siku moja. Lakini pale Salum anapoimba Kiswahili chake cha Morogoro, wimbo ni mbichi kama umechumwa leo asubuhi. Na ule wa Mbaraka uitwao Shida hauhitaji maelezo. Tangu lini shida ikapitwa na wakati? Ilipofika Ngoma Iko Huku, nilimwona mama watoto akipiga mguu chini taratibu, na mahindi mkononi.

Jioni ya nne nilibakiza sahani moja niipendayo kuliko zote. Sitaitaja, wala sitamtaja mwimbaji. Niliinunua mwaka 1978 kwa fedha ya pamba. Gitaa lake ni tamu mno. Nadhani nimelipiga kwa mdomo njiani kwenda shamba mara elfu. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba hiyo ndiyo itakayofungua karamu.

Nikaiweka. Gitaa likaanza. Mama watoto akainuka, akaweka ungo chini, akatoka nje.

Mjukuu akauliza, "Bibi anakwenda wapi?"

Nikajibu upesi, "Anakwenda kutazama chungu."

Mtoto akasema, "Babu, tumekwisha kula. Hakuna chungu motoni."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kila mara, tangu mwaka ule wa 1978, sahani ile ilipoanza, mama watoto alitoka nje. Miaka yote hiyo nilidhani ni chungu.

Nikakaa nikasikiliza maneno, kama binti alivyoniambia. Mwimbaji anamcheka mkewe. Anasema amechakaa kwa kuzaa, sura imekwisha, naye yuko njiani kwenda mjini kutafuta aliye mbichi. Basi ni hayo tu, na kicheko cha wanaume nyuma yake. Maneno yale nilikuwa nayajua yote kwa moyo, lakini nilikuwa sijapata kuyasikia.

Nilimfuata nje. Alikuwa amekaa juu ya kinu. Nikamwuliza. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Baba watoto, mwaka ule ulipoileta nilikuwa nimezaa mtoto wa tatu, na meno yangu mawili ya mbele yalikuwa yametoka. Ukaipiga mbele ya wageni. Mlipofika pale penye kicheko mkacheka nyote, na mmoja wenu akanitazama. Wewe hukuona. Nikasema moyoni, nitakuwa natoka tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema ni wimbo tu."

Nami ningesema hivyo kweli. Nikamwomba radhi. Hakujibu upesi. Mwisho akasema, "Mahindi yamekwisha. Ingiza ungo, tulale."

Ndugu zangu, usiku ule sikupata usingizi, na sababu si majuto peke yake. Nilikuwa namfikiri yule kijana anayemwoa binti yetu. Siku ya karamu atakuwa ameketi mezani, na binti yetu kando yake. Mimi, baba mzazi, ningesimama mbele ya jamaa zake wote na kufungua karamu kwa wimbo ule! Ningekuwa namfundisha nini saa ile? Mahari huhesabiwa kwa wiki nzima, ng'ombe kwa ng'ombe, lakini maneno ya nyimbo hatuyahesabu, hali hayo ndiyo wanayokwenda nayo nyumbani.

Basi, wasomaji, nimejifunza namna ya kupima wimbo wa zamani. Usiupime kwa ujana wako, maana ujana hupaka kila kitu asali. Upige mbele ya yule unaosemwa ndani yake, kisha umtazame. Mtu anaweza kuniuliza, "Je, Kijiti naye akiusikia wimbo wa Siti hatatoka nje?" Atatoka, naam, tena mbio! Lakini tazama tofauti. Siti, muuza vyungu, aliimba juu ya mwenye nguvu aliyetenda uovu, kwa ajili ya aliyenyamazishwa. Wimbo wangu ulimcheka aliyenyamaza, ili wenye nguvu wafurahi. Wa kwanza hauzeeki mpaka haki itendeke. Wa pili ulikuwa mzee tangu siku ile nilipoununua. Mimi ndiye niliyechelewa kuona mvi zake.

Tena msidhani kwamba ni nyimbo za kale tu. Katika simu za vijana wetu zimo nyingi za namna hiyo, nazo zina gitaa tamu pia. Baba akitaka kumkemea kijana, aanze na sanduku lake mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Mjukuu aliniuliza kama aivunje sahani ile. Nikamkataza. Nimeirudisha katika bahasha yake, na juu yake nimeandika kwa kalamu: "Isipigwe. Mwulizeni bibi." Siku moja watakaorithi sanduku watauliza, na nataka waulize.

Asubuhi yake nilimwambia mama watoto achague yeye wimbo wa kufungua karamu. Hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Ngoma Iko Huku." Kisha akaongeza, "Na wewe utacheza."

Magoti yangu mwayajua. Lakini nitacheza.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwa panya.