Aibu Isiangamize Figo

Wahenga walituusia kwamba mficha uchi hazai. Katika maradhi sugu ya figo, usia huo ni kweli kwa neno na kwa maana.

Figo zinapodhoofika sana, si taka za damu tu zinazobaki mwilini. Homoni iitwayo prolaktini, ambayo figo nzima husaidia kuiondoa, huzidi kiasi, na amri zitokazo kwenye ubongo kwenda viungo vya uzazi huvurugika. Mwanamume hupungukiwa na testosteroni, akakosa hamu na nguvu. Mwanamke huharibikiwa na mpango wa hedhi, na kushika mimba kukawa shida. Mtaani husemwa ni husuda. Mke huitwa tasa, na pengine talaka ikafuata, ilhali hakuna aliyepimwa.

Hatusemi kwamba kila mwenye hali hiyo anaumwa figo, kwani sababu ni nyingi. Tunasema kwamba mwenye kisukari au shinikizo la damu akiyaona mabadiliko hayo, asinyamaze.

Aidha, homoni hugusa mwendo wa maradhi yenyewe. Duniani, wanawake wenye maradhi sugu ya figo ni wengi kuliko wanaume, lakini wanaume ndio wengi zaidi kwenye mashine za kusafisha damu. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu ni estrojeni, inayodhaniwa kuzikinga figo za mwanamke. Hedhi ikikoma, homoni hiyo hupungua. Hivyo basi, mama aliyepindukia miaka 50 asijione yu salama daima.

Mwezi Mei 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya afya ya figo. Ni jambo jema, lakini azimio peke yake halipimi mkojo wa mtu. Tunawahimiza viongozi wa afya wahakikishe kwamba vituo vya Unguja na Pemba, hata vya visiwa vidogo, vinapima mkojo, damu na shinikizo. Kwamba mama aliyepatwa na kifafa cha mimba anaendelea kufuatiliwa baada ya kujifungua. Na kwamba mgonjwa wa figo anaulizwa habari za unyumba kwa faragha na heshima.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Kabla ya kumlaumu mke au kumcheka mume, tuwapeleke wote wawili wakapimwe. Kuona haya ni sehemu ya imani, lakini kumficha tabibu maradhi si haya, ni kujidhulumu.