Mwandishi, Shuka Matopeni!

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wapo waandishi wa habari wenye macho mazima wanaotazamia barabarani. Nasema kwa uchungu, wasomaji wapenzi, mtaniwia radhi.

Mwaka jana gazeti moja, jina silitaji, liliandika kuwa maelfu ya miche ya mikoko imepandwa ufuoni karibu na kwetu. Picha ilikuwepo: mheshimiwa kainama, viatu safi kama sahani ya sikukuu. Likizo ilipofika nikaenda na mjomba wangu, mvuvi, kutazama. Lo! Vijiti vitupu.

"Waona, mwanangu? Nani kapanda mkoko hapa? Hapa ni pa mlilana."

Kweli. Mkoko wenyewe, ule wa mbegu ndefu kama rula, hupenda matope yaliyotulia kandokando ya vijito. Mlilana ndio unaostahimili mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi. Mjomba hakusoma ila hilo alilijua. Mwandishi kasoma, hakulijua, wala hakurudi kuhesabu. Na samaki wadogo wanaokulia kwenye mizizi ya mikoko hawali magazeti.

Maoni yangu ni kwamba waandishi wa mambo ya pwani wafunzwe sayansi kwa mikono yao, si kwa semina ya hotelini yenye chai na mandazi. Kule Marekani, Taasisi ya Metcalf ya Chuo Kikuu cha Rhode Island, iliyoanzishwa 1997, imewapeleka waandishi uwandani na maabarani pamoja na wanasayansi. Sisi twakosa nini? Pale Gazi, Kwale, watafiti wa KMFRI wamefanya kazi mikokoni miaka na miaka, na wanakijiji kupitia Mikoko Pamoja waliingia katika biashara ya kaboni mwaka 2013. Mwandishi apewe kamba na utepe, apime kipande cha mita 10 kwa 10, ahesabu miche iliyo hai na iliyokufa. Akishazama hadi magotini, siku mheshimiwa akimwambia "tumepanda elfu kumi," atauliza: aina gani? Wapi? Ya mwaka jana imebaki mingapi?

Najua mtasema wahariri hawana pesa. Haya, na ile safari ya kupiga picha ya viatu ililipiwa na nani?

Mjomba amekubali kutupeleka likizo ijayo, wanachama watakaotaka. Njooni na viatu vikuukuu.