Kama wote ni wajukuu wa machifu, makaa alichimba nani?

Nina ugomvi na watu fulani, na leo nautoa hadharani. Ni wale wanaojitapa kwamba ukoo wao umetoka Uskoti, halafu ukiwauliza babu zao walifanya kazi gani wanakuletea kitambaa cha miraba, ngao ya kutundika ukutani na hadithi ya chifu mwenye ngome mlimani. Wapo Marekani, wapo Kanada, wapo Australia, na wapo Glasgow kwenyewe.

Swali langu ni dogo tu. Kama wote ni wajukuu wa machifu, makaa ya mawe alichimba nani?

Tuanze na hiyo miraba. Mtindo wa kila ukoo kuwa na miraba yake ulipamba moto baada ya mwaka 1822, Mfalme George IV alipotembelea Edinburgh na mwandishi Walter Scott akaipanga ziara ile kama mchezo wa kuigiza. Mwaka 1842 ndugu wawili wakachapisha kitabu cha miraba ya koo, Vestiarium Scoticum, wakidai kimetokana na hati ya kale. Kilikuwa cha kughushi! Na ngao je? Kwa sheria ya Uskoti ngao ni mali ya mtu aliyepewa, si ya kila mwenye jina kama lake. Anayekuuzia "ngao ya ukoo wako" anakuuzia ya mwenzio.

Najua jibu lao: "Maskini hawakuandikwa popote, sasa tufanyeje?" Jamani, huo ni uvivu.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uskoti tarehe 1 Januari 1855. Vyeti vya mwaka ule wa kwanza viliuliza mambo mengi mno, hadi umri wa wazazi na mahali walipozaliwa, kiasi kwamba mwaka 1856 maswali yakapunguzwa kwa kuwa yaliwaelemea wasajili. Hata baada ya hapo, cheti cha kifo kiliendelea kutaja baba na mama wa marehemu, na mama kwa jina la kwao. Linganisha na Uingereza, ambako mama wa bwana na bibi harusi waliingizwa kwenye usajili wa ndoa mwaka 2021. Ndiyo, 2021.

Kwa hiyo kazi inakwenda hivi. Unaanza na kifo cha mtu, unapata wazazi wake. Unatafuta ndoa ya wazazi hao, unapata wazazi wao. Unakwenda kwenye sensa, inayofanywa kila miaka kumi na kuanzia 1841 inataja majina, unaona nani alilala nyumba ile usiku ule na alifanya kazi gani. Sensa ya 1861 iliuliza hadi idadi ya vyumba vyenye dirisha. Karibu theluthi moja ya familia za Uskoti ziliishi katika chumba kimoja. Chumba kimoja! Chifu wako angelala wapi hapo?

Kabla ya 1855 mambo ni magumu zaidi, kwa sababu unategemea vitabu vya parokia. Na hapa pana dhuluma ambayo wapenda ngao hawaitaji. Kati ya 1783 na 1794 serikali ilitoza pensi 3 kwa kila ubatizo, ndoa au maziko yaliyoandikwa. Mafukara walisamehewa, lakini mfanyakazi wa kawaida mwenye watoto sita alilazimika kupiga hesabu. Wengi wakaona heri wasiandikishe. Ukikuta pengo kwenye ukoo wako miaka ile, usiseme babu alikuwa mzembe. Alitozwa ili akumbukwe.

Halafu kuna kumbukumbu ambazo watu huzikuta na kuzifunika haraka. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliandikiwa kwenye cheti kwamba si halali. Baba yake hakutajwa, isipokuwa yeye mwenyewe aje kutia saini pamoja na mama. Na baada ya sheria ya maskini ya 1845, mwombaji wa msaada alihojiwa na mkaguzi: umezaliwa wapi, umeolewa na nani, umeishi hapa miaka mingapi, watoto wako wanapata nini. Glasgow imehifadhi maombi hayo kuanzia 1851. Yaliandikwa ili kumhukumu mama yule kama anastahili msaada au afukuziwe parokia nyingine. Leo ndiyo wasifu mrefu kuliko wote ulioandikwa juu yake. Wewe unaona aibu? Aibu ni ya nani hasa?

Utaniuliza: Waskoti wanatuhusu nini? Wanatuhusu, kwa sababu mmoja wao tumemkariri shuleni. David Livingstone, yule aliyekutwa na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, alizaliwa Blantyre mwaka 1813 katika familia iliyoishi chumba kimoja. Alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Ukoo mzima wa watu wa namna hiyo unafutwa pale mtu anapoamua kwamba lenye maana ni la chifu tu.

Blantyre hiyohiyo, mwezi Oktoba 1877, mgodi wa makaa ulilipuka na kuua watu 207. Mwaka uliofuata wajane waliokuwa wakiishi katika nyumba za kampuni wakaondolewa humo. Waume zao wamo kwenye daftari la vifo, na kila mmoja ana baba na mama waliotajwa.

Basi nasema hivi: mwenye kutaka ngao na anunue, pesa ni zake. Lakini asiniambie ametafuta ukoo. Ametafuta cheo. Anayetafuta ukoo humtafuta mama asiyejua kuandika, aliyeweka alama ya X mbele ya msajili, na akimpata hamwonei haya.