NYUMBA YA WATOTO, DHAMANA YA BABA

Ndugu wanachama, tumeitazama sinema ya Kimarekani ya mwaka 2010, "Winter's Bone", aliyoiongoza Bibi Debra Granik. Yumo binti wa miaka 17, Ree Dolly, katika milima ya Ozark, Missouri. Mama yake hana akili timamu. Wadogo wawili wanamtegemea yeye. Baba, mpishi wa madawa ya kulevya, ameiweka nyumba na msitu wao dhamana ili atoke kizuizini, kisha akatoweka.

Sisi wenye maduka twaijua rehani: mtu huweka chake. Watoto hawa hawakuulizwa, na paa ni lao.

Binti akawaendea jamaa mlango kwa mlango. Wakamfukuza, wakampiga hata jino likamtoka. Mwishowe wanawake wale wale waliompiga wakampeleka usiku kwa mashua hata ilipozama maiti ya baba, ikakatwa mikono, iwe ushahidi kuwa amekufa. (Huruma ya kuchelewa hiyo, lakini tunaihesabu.)

Lawama yetu haimwishii baba. Ni sheria gani hiyo, ambayo hati ya kuikomboa nyumba ni mikono ya mzazi ndani ya mfuko, imechukuliwa na mtoto wake?