Mapenzi ya mistari isiyokutana

Na Zuhura Mbwana

Msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu wa fasihi kwa jinsi alivyojieleza, ameniletea shairi la Kiingereza la karne ya 17 na swali moja tu: huyu mshairi analia au anaringa? Shairi ni "The Definition of Love" la Andrew Marvell, beti nane za mishororo minne minne. Wanafunzi wake wote, anasema, wamejibu kwamba analia.

Siwashangai. Ukilisoma mbiombio ni kilio kitupu. Pendo la mshairi limezaliwa na wazazi wawili, Kukata Tamaa na Muhali. Majaliwa yameona wivu yakapigilia kabari za chuma katikati ya wapendanao, yakawaweka mbali kama ncha mbili za dunia. Kisha unakuja ubeti wa saba, ule unaokumbukwa na kila mtu: mapenzi ya wengine ni kama mistari ya mshazari, hukutana penye kila pembe, lakini yetu ni sambamba hasa, na hata yakirefushwa bila kikomo hayatakutana. Mwanafunzi anaandika pembeni "sambamba: kutengana", anafunga daftari, anasubiri alama zake.

Taswira ya hesabu haikubali kumalizwa hivyo. Ukiitaja mistari sambamba umeichukua na sheria zake zote, zinazokufaa na zisizokufaa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mshairi anahisi nini, chukua rula.

Chora mistari miwili inayokatana. Imekutana penye nukta moja, basi. Kabla ya nukta hiyo ilikuwa inakaribiana. Ikishaivuka inaachana, na kadiri unavyoirefusha pengo linapanuka, sentimita mbili, tano, kumi, mpaka karatasi inakwisha. Sasa chora mistari sambamba. Pima pengo mwanzoni, katikati, mwishoni: ni lile lile. Haikukutana, lakini haikuachana pia, na muda wote inaelekea upande mmoja. Marvell hasemi lolote juu ya kinachoipata mistari ya mshazari baada ya kukutana. Hakuwa na haja. Waliosoma enzi zake walimjua Euclid, ambaye kitabu chake cha jiometri kilikuwa kimeshatafsiriwa kwa Kiingereza na Henry Billingsley tangu 1570. Kitabu hicho kinafungua kwa orodha ya fasili: nukta ni nini, mstari ni nini, mpaka fasili ya 23, ya mwisho katika orodha hiyo, ambayo ni ya mistari sambamba. Mtu anayeliita shairi lake fasili ya mapenzi, kisha akaiacha mistari sambamba mpaka karibu na mwisho, anajua anakokwenda.

Anaringa, basi. Na kama rula haijamshawishi mwalimu, arudi nyuma ubeti mmoja. Hapo mshairi anasema kwamba ili wawili hao waungane, dunia yote ingebidi ibanwe iwe bapa kama planisfia, yaani ile ramani ya mbingu iliyochorwa juu ya bamba. Shika chungwa mkononi. Ukitaka kikonyo kiguse upande wa chini, itabidi ulikandamize mpaka liwe chapati. Vitagusana, ila chungwa huna tena. Ubeti wa tano ulikwishatuambia kuwa dunia nzima ya mapenzi inazunguka juu ya wawili hao. Ncha zikigusana mhimili umekwisha, na mhimili ukiisha hakuna kinachozunguka. Umbali anaoulalamikia ndio huo huo unaoiendesha dunia yake. Sijui malalamiko mengine yenye kiburi kama haya.

Msomaji mwenye jicho kali ataniambia: mbona hesabu yake inagongana? Juu ya tufe, mistari miwili ikitoka ikweta kwenda kaskazini, yote ikiwa na pembe ya nyuzi 90, inaanza sambamba kabisa, na bado inakutana kwenye ncha. Yaani Marvell aliwaweka wapendanao wake pale pale ambapo mistari yote ya longitudo hukutana, kisha beti mbili mbele akaihamishia hoja kwenye karatasi bapa, ambako haikutani kamwe. Wapo watakaosema kila ubeti una kazi yake na tusimbane mshairi kama mkaguzi wa hesabu. Sawa. Lakini mimi naona mtu aliyechagua jiometri inayomhakikishia kwamba hatafika.

Ubeti wa mwisho unahamia kwenye falaki: akili zao zimekutana, nyota zao zimekabiliana. Hapa msomaji wa kwetu anayefuatilia mwezi kwa ajili ya Ramadhani hana haja ya kamusi. Mwezi na jua vikiwa upande mmoja, mwezi hauonekani kabisa. Vikikabiliana, nyuzi 180, ndipo unapokuwa mpevu na kung'aa usiku kucha. Sidai kwamba Marvell alikuwa anauwaza mwezi, maana ametaja nyota tu. Ila picha ya kukabiliana aliyoichagua si picha ya giza.

Kuna pia wanaomtafuta mwanamke. Marvell alikuwa mbunge wa Hull tangu 1659 hadi alipofariki mwaka 1678, akijulikana kama mtu asiye na mke. Mashairi yake yalipochapishwa 1681, dibaji ilitiwa saini na Mary Marvell, aliyejitambulisha kuwa mjane wake. Mama huyo alikuwa Mary Palmer, mtunza nyumba wake, na palikuwa na pauni 500 zikigombaniwa, hivyo wataalamu wengi hawakumsadiki. Ni kisa kitamu, lakini hakifungui mshororo hata mmoja wa shairi hili.

Kinachonikera ni kingine. Beti nane za mapenzi, na huyo mpenzi hana jicho, hana sauti, hana jina. Mistari sambamba haiwezi kuwa mmoja, lazima iwe miwili, na hapa anayesema ni mmoja tu. Yeye ndiye aliyepima pengo na yeye ndiye aliyeamua kwamba ni kamilifu. Pengine mwenzake alikuwa radhi kabisa kuwa mshazari.

Basi mwalimu, nikiruhusiwa kuongeza swali kwenye mtihani wako wa muhula ujao, ni hili: mjibu Marvell kwa niaba ya mstari wa pili, beti mbili, vina na mizani visipotee. Alama kumi.